Mvua Moja kwa Mwaka: Maswali ya Bustani na Ufugaji wa Nyumbani Dodoma

Nilihamia Dodoma mwaka 2018 nikitokea Lushoto, ofisi ilipohama. Kwetu kuna vuli na kuna masika, na katikati ukungu unakusaidia kumwagilia. Nikapata kiwanja Mkonze, nikainua matuta marefu kama mama alivyonifundisha, nikapanda kabichi mwezi wa tisa. Zilikauka zote kabla sijamaliza deni la seng'enge. Jirani yangu, mama wa Kigogo mwenye umri wa mama yangu, alisimama upande wa pili akayatazama matuta yale kwa muda, kisha akauliza: "Mwanangu, maji unayakimbia kwa nini?"

Swali lake lilinifunza kuliko semina zote nilizokaa. Haya mengine ndiyo ninayoulizwa mimi sasa, kazini, kwenye daladala na getini. Majibu yanamfaa mwenye kiwanja au nusu eka pembeni ya mji. Mwenye eka hamsini amtafute afisa kilimo.

Mvua inaanza lini hasa?

Hakuna tarehe. Msimu wetu ni mmoja. Huanza kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, huisha Aprili. Kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600, na kuanzia Mei mpaka Oktoba unaweza usione tone. Uchache si tatizo peke yake, tatizo kubwa ni tabia yake. Inaweza kumwagika jioni moja mvua ya wiki mbili, nusu ikakimbilia korongoni, kisha jua likawaka siku ishirini mfululizo. Kati ya Januari na Februari mara nyingi hukatika, na hapo ndipo mahindi ya watu wengi hufia, yakiwa yanatoa mbelewele.

Mvua ya kwanza ya Novemba usiiamini. Udongo unanukia, kumbikumbi wanatoka, kila mtu anakimbilia dukani kununua mbegu, halafu siku kumi kavu zinaunguza miche yote. Mimi huchimba kwa jembe nikatazama. Unyevu ukiwa umefika shubiri moja chini, napanda. Kama haujafika, narudi ndani kunywa chai.

Uwele na mtama ni habari nyingine. Wenyeji wengi huberega, yaani hukwangua majani juu juu bila kutifua, kisha hupanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua. Mbegu inakaa chini ikisubiri, na mvua ya kweli ikifika inakuwa ya kwanza kuinywa. Ukifuata njia hiyo, bakiza mbegu ya kurudishia, maana kuna miaka mvua ya uongo huziotesha ikaziacha.

Nina hela kidogo. Nianze na mbegu, mbolea au uzio?

Anza na gata.

Piga hesabu. Paa la mita 8 kwa 10 ni mita za mraba 80. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa milimita 550, paa hilo linapokea lita 44,000 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano inayorukia nje na kukauka kwenye bati, bado unabaki na zaidi ya lita 35,000. Maji hayo yote kwa sasa yanachimba shimo chini ya dirisha lako.

Tangi la lita 5,000 linajaa mapema sana, baada ya mvua kama nne au tano nzuri. Kwa hiyo usidhani ukishanunua tangi kazi imekwisha. Toboa njia ya maji yanayofurika, uyaelekeze kwenye mfereji unaopita kwenye miti. Udongo wenyewe ni tangi, na hauuzwi dukani. Lile tangi la plastiki liache limejaa mpaka Mei ndipo uanze kulifungua. Ukitumia ndoo mbili za lita 20 kwa siku, lita 5,000 zinakufikisha siku 125, yaani mwanzoni mwa Septemba. Ndoo hizo mbili zinatosha eneo la mita za mraba nane hadi kumi lililofunikwa vizuri kwa majani makavu. Si shamba, lakini ni mboga ya kila siku kwa familia ya watu watano.

Mambo mawili ya kuangalia. Mvua ya kwanza na ya pili usiiingize kwenye tangi: inabeba vumbi la miezi saba na mavi ya ndege. La pili ni msingi. Lita 5,000 ni tani tano. Fundi wangu wa kwanza aliliweka tangi juu ya matofali yaliyopangwa kwenye kichanga bila zege. Siku lilipojaa liliinama taratibu kama mlevi anayetafuta ukuta, bomba likakatika, na maji ya msimu mzima yakaenda kwa jirani. Jirani alifurahi.

Udongo wangu ni mgumu kama saruji. Nitafute trekta?

Walishajaribu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta mitambo mikubwa Kongwa kulima karanga za kutengenezea mafuta. Walikata vichaka, walivunja majembe, na kiangazi udongo ule ukakakamaa kiasi kwamba hata karanga zilizokomaa zilikuwa shida kuzing'oa. Mwaka 1951 waliufunga mradi. Ni udongo huu huu wetu, mwekundu, kichanga kilichochanganyika na mfinyanzi. Ukilowa ni laini, ukikauka ni tofali.

Usilazimishe ukiwa mkavu kabisa, na usiinue tuta. Sehemu yenye mvua nyingi tuta linaokoa mizizi isizame, hapa linaikausha. Sisi tunachimba kwenda chini. Kwa mboga natengeneza majaruba: toa udongo wa juu uweke pembeni, tifua chini mpaka sentimita 30, rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na samadi, kisha hakikisha jaruba linabaki chini ya njia kwa upana wa kiganja. Kila tone linaingia ndani, halina pa kukimbilia.

Kwa mtama, uwele na hata mahindi kuna mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapa hapa Dodoma. Kila shimo lina upana wa sentimita 20 hadi 25 na kina kama hicho au zaidi kidogo. Kutoka shimo hadi shimo acha sentimita 60, mstari hadi mstari sentimita 90, na mistari ikate mteremko, isishuke nao. Udongo uliochimbua unaufanya kingo upande wa chini. Ndani unatia jivu kidogo kwa ajili ya mchwa, samadi, mabua yaliyokatwakatwa, kisha unarudishia udongo kiasi, ukiacha nafasi ya maji kutuama. Mbegu moja au mbili kwa shimo. Kazi ya kuchimba ni ngumu mwaka wa kwanza, sitakudanganya. Mwaka wa pili unazibua tu mashimo yale yale.

Na samadi msiniambie ni adimu. Mko mkoa wa wafugaji. Nenda Nala, nenda Ihumwa, ongea na mwenye zizi kwa adabu, ulizia habari za mifugo kwanza. Ichukue ile ya chini iliyokaa muda, nyeusi, isiyonuka. Mbichi inaunguza miche na inakuletea mbegu za magugu ya mbuga nzima.

Matandazo yanaleta mchwa. Niache?

Usiache. Mchwa wa hapa wanakula kilichokauka kwanza. Ukiacha udongo mtupu ndipo wanapohamia kwenye mche. Tandaza majani unene wa vidole vinne, usigusishe shina, zungushia jivu. Majani ya mwarobaini yakichanganywa humo husaidia. Mwezi wa kumi matandazo yatakuwa yamekwisha, na hiyo maana yake yamekuwa udongo.

Nipande nini, mwezi gani?

Hapa ndipo wageni wengi tunakosea, kwa sababu tunadhani msimu wa mvua ndio msimu wa mboga zote. Sivyo.

Mvua ikishika, Desemba na Januari, ni zamu ya mimea inayojua kuishi na jua kali na maji ya ghafla: kunde, choroko, karanga, njugu mawe, maboga, bamia, matango, mchicha. Mlenda hauhitaji hata kuupanda. Unaota wenyewe kwenye viwanja vya watu, na wageni wanaulima kama magugu huku wakitoa hela kununua mboga soko la Sabasaba. Jifunze kuutambua kabla hujashika jembe, mwombe mwenyeji akuonyeshe. Nyanya wakati wa mvua hushambuliwa na ugonjwa wa bakajani. Napanda michache tu ya kachumbari na sitarajii mengi.

Machi, wakati bado mawingu yapo, tengeneza kitalu cha vitunguu, nyanya na sukuma wiki. Vitunguu vinakaa kitaluni wiki sita hadi nane, kwa hiyo ukichelewa mpaka mvua iishe umeshapoteza unyevu wa bure. Mwisho wa Aprili unahamishia kwenye majaruba ambayo bado yana maji chini.

Mei hadi Agosti ndio wakati mtamu wa bustani Dodoma. Ndiyo, kiangazi. Usiku kuna baridi, magonjwa ya ukungu yamepungua, na kabichi, karoti, spinachi, vitunguu na nyanya vinapendeza kuliko kipindi chochote, ilimradi una zile ndoo mbili. Adui wa miezi hiyo ni upepo. Upepo wa Dodoma unakausha jani kama pasi. Mimi nasimamisha ukuta wa mabua ya mtama upande wa mashariki na kusini, kimo cha kifua, na tofauti ya kumwagilia nimeiona kwa macho.

Septemba mpaka Novemba pumzika. Joto linapanda, tangi limeisha, na bei ya maji ya boza itakufanya kila fungu la mchicha likugharimu kama kilo ya nyama. Nabakiza jaruba moja chini ya mwembe, linakunywa maji ya kuoshea vyombo yaliyopoa na yasiyo na mafuta mengi. Maji yenye jiki hayaingii bustanini. Kwingine kote nachimba mashimo, nasogeza samadi, nafagia gata.

Kwa nini watu wanasema nisipande mahindi, na wao wenyewe wanapanda?

Kwa sababu tunapenda ugali mweupe. Panda mstari mmoja wa kuchoma ukitaka, hata mimi napanda. Lakini chakula cha kutegemea hapa ni mtama na uwele. Mtama wa Macia ni mfupi, mweupe, unakomaa mapema. Kwa uwele kuna Okoa. Ukikatikiwa na mvua mwezi wa pili, mahindi yanakufa lakini mtama unajikunja majani, unalala, na mvua ikirudi unaamka. Kama shamba lako lina kiduha, lile gugu lenye maua mekundu au ya zambarau linalonyonya mizizi, tafuta mtama wa Hakika au Wahi, ambao unakivumilia. Mbegu ulizia Hombolo, kwenye kituo cha TARI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, au kwa wakulima wanaozalisha vijijini mbegu za daraja la kuazimiwa, yaani mbegu za wakulima wadogo zilizokaguliwa. Maonyesho ya Nanenane pale Nzuguni ni mahali pazuri pa kuuliza maswali bila kununua kitu.

Maji ya kisima changu yana chumvi. Yatafaa?

Inategemea ni chumvi kiasi gani. Ukiona utando mweupe juu ya udongo na ncha za majani zinaungua, mmea unakulalamikia. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii. Spinachi na bitiruti vinavumilia vizuri, nyanya iko katikati. Kosa la kawaida ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku, maana maji yanapanda hewani na chumvi inabaki juu. Mwagilia kwa wingi mara chache, funika udongo, na jaruba lililotumia maji ya kisima mwaka huu mwakani liache lioshwe na mvua bila kupandwa wiki za mwanzo. Ukiwa na maji ya tangi, changanya nusu kwa nusu.

Kwelea kwelea watanimaliza?

Wanaweza. Ndege mmoja anakula kama gramu 10 tu kwa siku, ila hawaji mmoja. Kundi la milioni moja linakula tani kumi kwa siku, na makundi kama hayo yapo kanda hii. Yakionekana, toa taarifa kwa afisa kilimo wa kata mara moja, kwa sababu udhibiti wake hufanywa na serikali, wakati mwingine kwa ndege ya kunyunyizia sumu. Ndege waliokufa kwa sumu hawaliwi, hata kama jirani anasema kitoweo ni kitoweo.

Kwenye nusu eka dawa ni kuamia. Alfajiri na jioni, makopo yenye kokoto, kamba, sauti. Panda pamoja na majirani siku zinazokaribiana ili ndege wagawane. Ukiiva peke yako, umewaandalia karamu. Uwele wenye ndevu huwasumbua kidogo.

Kuku wangapi wa kuanza?

Majike watano na jogoo mmoja. Usianze na hamsini kwa sababu uliona mtu kwenye simu anahesabu faida.

Kinachofuta banda zima ni mdondo, hasa joto linapopanda kabla ya mvua. Chanjo ya I-2 ni tone moja kwenye jicho la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi sana, kwa hiyo kubaliana na majirani, chanjeni siku moja. Ukichanja wako peke yako na wa jirani hawajachanjwa, chupa nzima inaharibika kwa ajili ya kuku sita, na ugonjwa bado unazunguka mtaani. Chanja wakiwa wazima. Kuku aliyeanza kusinzia na kuharisha kijani amechelewa.

Mayai yanaanguliwa siku 21. Nisiyoambiwa mapema ni kwamba kuku na bustani ni maadui wa damu. Majaruba yangu yenye matandazo mazuri yalifukuliwa asubuhi moja. Zungushia wavu bustani, au wafungie mpaka saa kumi jioni. Mavi yao usiyaweke mbichi, yalaze kwenye mboji miezi miwili mitatu.

Mbuzi na ng'ombe ndani ya jiji, kaulize ofisi ya mtaa kabla hujanunua. Kuzurura kwa mifugo mjini kunaleta faini.

Kiangazi kinapofika mboga zinaisha. Mnakula nini?

Tunakula mwezi wa pili. Nisameheni, ni utani wa jirani yangu, lakini ndivyo ilivyo: Februari mboga ni nyingi mpaka zinatupwa, na mwenye akili anazikausha.

Alinifundisha kwa majani ya kunde. Chuma machanga, asubuhi umande ukishakauka, usimalize shina. Mmea ukianza kutoa maua acha kuchuma kama unataka na kunde zenyewe. Osha, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika chache, toa, chuja, tandaza kwenye chekeche au mkeka safi kivulini penye upepo. Watu wengi huanika juani moja kwa moja. Yanakauka haraka zaidi, ila yanapauka rangi na vitamini nyingi zinapotea. Kwa upepo wetu siku mbili au tatu zinatosha. Likishikwa likavunjika kwa sauti, limekauka. Weka kwenye chombo chenye mfuniko, mahali pakavu. Yangu hufika Novemba.

Kupika: loweka, chemsha, tia karanga zilizotwangwa, kitunguu na nyanya. Nilipowapikia ndugu zangu walipokuja kunitembelea, kaka aliuliza nyama gani hii. Mlenda wenyewe ukikauka unatwangwa ukawa unga. Kijiko kimoja kwenye maji ya moto na sufuria inajaa. Ugali wa uwele unateremka wenyewe.

Ubuyu na ukwaju kaushia hapo hapo. Unga wa ubuyu kwenye uji wa watoto, ukwaju kwenye mboga badala ya limau, maana malimau mwezi wa kumi ni ya matajiri.

Karanga na mahindi nihifadhi vipi yasipate sumukuvu?

Swali hili nalijibu bila utani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hii inatoka kwenye kuvu, haionekani kwa macho, haina harufu, na kupika hakuiondoi.

Inaanzia shambani mmea ukipata ukame mwishoni, inaongezeka mazao yakilundikwa yakiwa na unyevu. Kwa hiyo vuna mara yanapokomaa, usiyaache shambani mpaka umalize shughuli zako. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Chambua: punje iliyopasuka, iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, itoe, na usimpe kuku. Sumu inamdhuru naye. Karanga usizinyunyizie maji ili zimenyeke upesi; ndiyo njia rahisi ya kuikaribisha kuvu.

Kupima ukavu tumia chupa ya kioo iliyokauka. Weka mahindi mpaka robo, tia vijiko kadhaa vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikidondoka yote chini, funga kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mifuko hiyo inaua dumuzi kwa kumnyima pumzi, huna haja ya dawa ya unga, ila ukiufungua kila siku kuchota kibaba umeufanya gunia la kawaida. Tenga mfuko mmoja wa kutumia.

Nimepanda miti mara tatu, inakufa.

Huenda ulipanda siku ya sherehe na hukuirudia. Panda Januari, mvua ikishatulia, siyo Aprili. Chimba shimo pana mwezi wa kumi, lijae maji ya mvua mara mbili tatu, ndipo uweke mche, na uzungushie kingo ya nusu mwezi upande wa chini wa mteremko. Embe, mapera, komamanga, mpapai karibu na bafu, mlonge kwa majani ya mboga. Mkwaju na mbuyu panda kwa ajili ya wajukuu.

Lakini kabla ya kununua mche, tazama chini. Kwenye viwanja vyetu vingi vilivyofyekwa kuna visiki vinavyochipua kila mwaka na kila mwaka tunavikata. Vijiji vingi vya Mpwapwa, Kongwa na Chamwino wanatumia njia inayoitwa kisiki hai: chagua kisiki, bakiza machipukizi machache yaliyo imara na yaliyonyooka, kata mengine, punguzia matawi ya chini, funga kitambaa ili mtu asikate wala kuchungia. Mizizi tayari iko chini sana, haikuombi ndoo ya maji. Nina mgunga uliokuwa kijiti mwaka 2019. Sasa naegesha pikipiki kivulini kwake. Fito ulizokata zinasimamishia nyanya.

Na zabibu? Dodoma bila zabibu?

Miche mitatu juu ya chanja la nyuma ya jiko, sawa. Hapa zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kama Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba, kwa sababu sisi ndio tunaouamsha mzabibu kwa kukata matawi, siyo baridi kama Ulaya. Kila kukata matawi kunataka maji na samadi, na wakati wa mvua magonjwa ya ukungu, ubwiri unga na ubwiri vinyoya, yanakusubiri. Miche na ushauri wa kukata matawi vipo TARI Makutupora, kaskazini mwa mji. Wengi wanaacha kukata kwa huruma. Wanapata kivuli kizuri, zabibu hakuna.

Wadudu bila sumu za dukani, inawezekana?

Mara nyingi. Twanga mbegu za mwarobaini, gramu 50 kwa kila lita ya maji, loweka usiku, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni, rudia baada ya wiki. Inapunguza vidukari na viwavi wadogo. Viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, pita alfajiri uwaponde kwa mkono na utie mchanga au jivu kwenye moyo wa mmea. Kantangaze, kiwavi anayechimba ndani ya majani ya nyanya, ni mkorofi: chuma majani yenye michoro uyachome moto, na usirudie nyanya kwenye jaruba lile lile. Ikibidi sumu, soma siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kisha zisubiri kweli.

Familia inaweza kujitegemea kabisa kwa kiwanja?

Hapana. Sisi tunapata mboga karibu mwaka mzima, mayai, karanga za kuungia, na mtama wa miezi minne hivi. Sukari, mafuta na ada ya shule bado vinatoka kwenye mshahara. Anayekuambia ameacha kwenda sokoni mwombe akuonyeshe jiko lake mwezi wa kumi na moja.

Desemba tunakwenda nyumbani Krismasi. Nani atapanda?

Sijui aliyepanga kalenda alikuwa na ugomvi gani na Dodoma. Wiki mbili ambazo nusu ya mji iko kwenye mabasi ya Moshi, Tanga na Mbeya ndizo wiki za kupanda.

Fanya hivi. Oktoba na Novemba maliza mashimo, samadi na jivu. Mbegu zipime kwenye makopo, kila kopo limeandikwa zao na mstari. Mkabidhi jirani anayejua udongo, mwelezane kuhusu shubiri ya unyevu, na umlipe kwa kitu kinachoeleweka. Miche ya kitaluni na kwenye ndoo itobolee chupa za lita moja na nusu vifuniko kwa sindano, uzijaze, uzichomeke zikiwa zimeinamishwa kichwa. Zinatoa maji taratibu siku mbili tatu, na mtoto wa jirani anaweza kuzijaza tena.

Mwaka jana nilirudi Januari 4 nikakuta mtama umefika kwenye ugoko, mistari imenyooka kuliko ninavyoipanda mwenyewe. Mlenda haukuwepo hata jani moja. Ndivyo tulivyokubaliana: yeye anapanda mtama wangu, mimi namwachia mlenda wote.